Kuchungulia Uigaji wa Saketi Kabla Haujaisha

Wapo walimu na wahandisi wanaoshikilia kwamba uigaji mrefu wa saketi, yaani kuijaribu kwa hesabu kwenye kompyuta, ukishaanza uachwe uishe, ndipo matokeo yafunguliwe. Anayechungulia katikati, wanasema, hana subira, na mwisho wake ataona alichotaka kuona. Hofu hiyo ina msingi. Ila inamhukumu vibaya mtu anayefanya kazi yake kwa uangalifu.

Chukua kibadilishi cha kushusha volti 12 hadi 5, ambacho swichi yake huwaka na kuzimika mara 500,000 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni maikrosekunde 2. Kikiwa kimepangwa kuanza taratibu kwa milisekunde 10, programu itapita mizunguko 5,000 kabla volti hazijafika zinapotakiwa. Kata kila mzunguko vipande 200: hizo ni hatua milioni moja, na kila hatua ni milinganyo ya saketi nzima inayotatuliwa kwa kurudiarudia hadi majibu yakubaliane. Modeli za transista zikiwa nzito, usiku mzima unaweza kuishia hapo.

Sasa mtu ameweka rezista kati ya njia ya umeme ya volti 12 na ardhi, akaandika 1M akimaanisha omu milioni moja. Katika SPICE, programu ya kuiga saketi iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na katika warithi wake kama LTspice na ngspice, M ni sehemu moja ya elfu, iwe kubwa au ndogo. Milioni huandikwa MEG. Programu hailalamiki, inapitisha ampia 12,000 na kuendelea na hesabu. Kosa hilo linaonekana ndani ya mizunguko kumi ya kwanza, kama si papo hapo. Kumi kati ya 5,000 ni asilimia 0.2. Asilimia 99.8 ya usiku huo kompyuta inahesabu kwa uaminifu saketi ambayo hakuna aliyeikusudia. Tena makosa ya namna hii hufichana: ukirekebisha hili leo, la pili linajitokeza kesho usiku, na wiki inakwisha bado hujajua lolote kuhusu kibadilishi chenyewe.

Uchunguliaji ninaoutetea una kipimo kilichowekwa kabla. Koili ya kibadilishi, yaani waya uliosokotwa unaozuia mkondo usibadilike ghafla, ikiwa ya maikrohenri 10 na volti za kutoka bado ni sifuri, swichi ikiwaka mkondo lazima upande kwa ampia 1.2 kila maikrosekunde. Hiyo ni hesabu ya kalamu. Ukiona 12, umeandika maikrohenri 1. Tamaa ya mtu haina pa kuingilia hapo.

Upande wa pili una kesi zake, nazo ni nzito. Kristali ya saa ya mkononi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na saketi yake inaweza kuchukua karibu sekunde nzima kuamka. Katika uigaji wa kawaida hakuna kelele za joto za kuisukuma, hivyo mstari unaweza kubaki bapa kwa muda mrefu sana. Anayeua kazi kwa kuona ubapa huo ameua saketi isiyo na kasoro yoyote. Kinyume chake pia hutokea: kibadilishi ambacho swichi yake huzimwa mkondo ukifika kilele kilichowekwa kinaweza kuonekana kitulivu mwanzoni, kisha muda wa swichi kuwaka unapovuka nusu ya mzunguko, mapigo yanaanza kupishana, refu na fupi. Aliyeridhika mapema amepitisha saketi mbovu. Na yapo majaribio ambamo uigaji hurudiwa mara nyingi, kila mara vipimo vya vipuri vikibahatishwa; anayeyasimamisha pale tu wastani unapompendeza, huyo anadanganya.

Lakini kesi zote hizo ni za kuuliza swali kabla ya wakati wake. Mteremko wa mkondo kwenye koili una jibu kamili katika mzunguko wa kwanza. Utulivu wa kibadilishi hauna. Ndiyo maana naona anayewasha uigaji wa usiku kucha bila kuandika anachotarajia kwenye mizunguko ya mwanzo hajamaliza maandalizi, hata awe na subira kiasi gani.

Kwa wanaohofia jicho la binadamu, ngspice inaruhusu sharti la kusimama liwekwe kabla ya kuanza, kwa mfano mkondo wa koili ukizidi ampia 20. Ukizidi, kazi inasimama yenyewe. Ukiikagua ukaona ni salama, unaiendeleza pale ilipoachia. Usipozidi, inakwenda hadi asubuhi bila mtu kuigusa.