Uzito Ukirudi Baada ya Upasuaji, Nani wa Kulaumiwa?

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito akianza kunenepa tena, hukumu haichelewi: ametupa pesa, tamaa imemponza, kajitakia mwenyewe. Wapo madaktari na wataalamu wa lishe wanaosema hayohayo kwa lugha ya upole zaidi, kwamba daktari hufanya nusu ya kazi na nusu iliyobaki ni ya mgonjwa. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini hiyo nusu ya mgonjwa haijaelezwa vya kutosha, na wengi wanaomlaumu hawajui hasa anadaiwa nini.

Sizungumzii puto linalowekwa ndani ya tumbo ili mtu ashibe haraka, ambalo hapa Tanzania limekuwa gumzo tangu hospitali ya Mloganzila waanze kuliweka. Puto hukaa kwa miezi kadhaa kisha likatolewa. Nazungumzia upasuaji wenyewe: ule wa kukata na kuondoa takriban asilimia 80 ya tumbo la chakula, na ule wa baipasi, ambapo hubakizwa kifuko kidogo kinachounganishwa moja kwa moja na utumbo mdogo.

Wanaosisitiza nidhamu wana la kusema. Mwaka wa kwanza njaa hupungua sana, matonge mawili yanatosha, na kilo zinashuka zenyewe. Kipindi hicho kila mtu ana nidhamu. Kuanzia mwaka wa pili tumbo huanza kuruhusu zaidi, na mtu anaweza kuushinda upasuaji wake bila kumaliza hata sahani moja. Chai ya maziwa yenye sukari, juisi, soda, aiskrimu na biskuti vinateleza tu. Pombe nayo, hasa kwa aliyefanyiwa baipasi, hupanda kichwani haraka kuliko zamani, na utafiti wa Marekani uliochapishwa 2012 ulionyesha matatizo ya ulevi yakiongezeka mwaka wa pili baada ya upasuaji. Daktari anayemwambia mgonjwa wake “jichunge” hamwonei.

Tatizo linaanza pale kila kilo inayorudi inapohesabiwa kuwa dhambi. Chukua utafiti mkubwa wa Sweden, ulioanza 1987 na kufuatilia watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji pamoja na wenzao 2,037 wenye unene kama huo ambao hawakufanyiwa. Waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Baada ya miaka 10 upungufu huo ulikuwa asilimia 25. Kwa mtu aliyeanza na kilo 120, maana yake alishuka hadi kama kilo 82, kisha akapanda hadi 90.

Hebu tuzikalie hizo kilo nane. Jirani akiziona atasema upasuaji umeshindikana. Mwenyewe akiziona kwenye mzani ataona aibu, ataacha kwenda kliniki. Kumbe huo ndio wastani, katika nchi yenye hospitali nzuri na ufuatiliaji wa karibu. Na ukigeuza hesabu, mtu huyu bado ana kilo 30 pungufu miaka kumi baadaye, wakati kundi ambalo halikufanyiwa upasuaji lilibaki pale pale, uzito wa wastani ukicheza ndani ya asilimia 2 juu au chini kwa miaka yote 15. Ni kweli waliofanyiwa baipasi walikuwa wachache katika utafiti huo, kama 265 hivi. Wengi walifanyiwa aina za upasuaji ambazo siku hizi hazitumiki sana, na hao walirudisha uzito zaidi. Hata hivyo, ripoti ya 2020 ya utafiti huohuo ilikadiria kwamba waliofanyiwa upasuaji, wote kwa jumla, waliishi miaka 3 zaidi ya wenzao. Kurudisha kidogo ni sehemu ya safari ya kawaida, na mgonjwa anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajapanda kitanda cha upasuaji.

Mwili wenyewe hausahau. Utafiti wa Melbourne uliochapishwa 2011 uliwafuatilia watu 50 waliopungua kwa kujinyima chakula. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado zinawasukuma kula. Upasuaji hutuliza msukumo huo, na katika ule wa kukata tumbo sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, lakini hauufuti moja kwa moja. Anayedhani mtu wa mwaka wa sita anapambana na hamu ya kawaida ya chakula amekosea.

Tuje jikoni, maana huko ndiko kazi ilipo. Masharti ya kudumu yanajulikana: protini kwanza, gramu 60 hadi 80 kwa siku, kisha mboga, wanga mwisho, kutafuna mpaka chakula kilainike, kutokunywa pamoja na chakula, na kusubiri kama nusu saa baada ya kula ndipo unywe. Kwenye karatasi ni mistari michache. Sasa mweke mtu huyo kwenye sinia la wali, watu sita wamelizunguka. Adabu tuliyofunzwa wengi wetu ni kula wali wa upande wako na kumkaribia samaki kwa staha, kitoweo kikigawanywa mwishoni. Yeye sharti lake ni kuanza na samaki. Akitii daktari anaonekana mlafi. Akitii adabu anajaza kifuko chake wali, na samaki hapati nafasi. Akiacha baada ya matonge matatu, mwenye nyumba anauliza kama chakula ni kibaya. Na akiwa amepungua sana, kuna minong'ono ile ya kwamba anaumwa ugonjwa asioutaja. Nimesikia watu wakisema waliongeza kula ili tu midomo inyamaze.

Ndiyo maana wengi huangukia kudokoadokoa. Nyama kavu inakwama kifuani, inauma, pengine inatapikwa. Andazi lililochovywa kwenye chai halina ugomvi. Nusu andazi saa nne, nusu saa sita, kikombe cha uji wa sukari saa kumi. Hakuna mlo uliozidi, lakini jioni hesabu ya siku ni kubwa na protini haipo. Ukimwita mtu huyu mlafi umekosea ugonjwa. Anachohitaji ni mtu wa kumfundisha kupika maharage yakaiva mpaka yavurugike, kuchambua samaki wa kuchemsha, kubeba mayai kazini.

Halafu kuna jambo lisiloonekana kwenye mzani kabisa: vidonge vya maisha yote. Vitamini B12, madini ya chuma, kalisi na vitamini D havifyonzwi tena kama zamani, hasa baada ya baipasi. B12 ikipungua kwa muda mrefu, miguu hufa ganzi. Chuma kikipungua, damu hupungua, na wanawake wanaopata hedhi ndio huathirika mapema. Mtu anaweza kuwa na umbo ambalo wote wanalisifu huku damu yake ikiisha. Vipimo hivi vinatakiwa angalau kila mwaka, bila kikomo. Anayekimbia kliniki kwa aibu ya kilo nane anakimbia na hivi pia, na hapo ndipo lawama zetu zinapomdhuru kweli.

Mimi nimeegemea upande wa mgonjwa, na sioni kwamba hilo linafuta wajibu wake. Ila wajibu wa hospitali na wa nyumba anayoishi umekuwa mwepesi mno. Mwenye presha ikimpanda, daktari hamfukuzi, anabadilisha dawa. Aliyeongeza kilo kumi mwaka wa nne apokelewe vivyo hivyo: apimwe, aulizwe anakula nini na saa ngapi, akihitaji dawa apewe. Na bei ya upasuaji inapotangazwa, itajwe pamoja na gharama ya vidonge na vipimo vya damu vya miaka mitano ya mwanzo, mpishi wa nyumbani akiwa ameitwa kliniki walau mara moja kabla ya siku ya upasuaji.