Fizikia ya Mpemba na dawati la nyuma

Swali lilikuja dakika tano kabla ya kengele, kutoka dawati la mwisho upande wa dirishani. "Madam, samahani, kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya?"

Nilikuwa na mwaka wa pili tu kazini. Kidato cha kwanza, watoto 78 kwenye chumba kimoja, ubao umejaa mifano niliyotaka waimalize kunakili kabla ya kipindi kuisha. Nikajibu bila hata kugeuka vizuri: "Ndiyo kanuni hiyo. Kariri." Darasa likaangua kicheko. Sikukusudia wacheke, lakini sitadanganya, na mimi nilitabasamu kidogo. Mtoto akaketi, akafunika daftari lake kwa kiwiko. Niliondoka shule ile miaka mitatu baadaye, na muda wote huo sikumsikia tena akiuliza kitu.

Nimelikumbuka hili kwa sababu juzi shuleni kwetu alikuja mhamasishaji. Mnawajua hawa. Maikrofoni, spika mbili, shati limechomekewa vizuri, na watoto wote wamepangwa uwanjani juani. "Semeni naweza!" "Naweza!" "Sijasikia!" "NAWEZA!" Watoto walifurahi, na mimi nilifurahi, kipindi changu cha saa nne kilikuwa kimeliwa na nilikuwa nimechoka. Wiki iliyofuata nikatoa jaribio la hisabati. Waliokuwa wakipata mbili kwa ishirini walipata mbili kwa ishirini.

Simlaumu yule bwana. Kuna ubaya gani mtoto kuambiwa anaweza? Tatizo ni kwamba mtoto si mjinga. Anakumbuka alichopata Ijumaa iliyopita. Ukimpigia kelele kwamba anaweza huku daftari lake limejaa wino mwekundu, ataliamini daftari.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kuhusu mtu anavyojenga imani kwamba jambo fulani ataliweza. Alitaja vyanzo vinne: kuwahi kulifanya mwenyewe ukafaulu, kumwona mtu anayefanana na wewe akilifanya, kuambiwa na mtu kwamba utaweza, na hali ya mwili wako saa ile, moyo unavyodunda na viganja vinavyolowa jasho. Chenye nguvu kuliko vyote ni hicho cha kwanza. Sisi walimu tumekomaa na cha tatu, labda kwa sababu hakihitaji kusahihisha madaftari.

Kila nikibishana na wenzangu juu ya jambo hili huishia kwa Erasto Mpemba. (Mpemba ni jina lake, hakuwa mtu wa Pemba.) Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye jokofu. Nafasi jokofuni ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake akaweka ya kwake bila kuchemsha kabisa, na Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu wakaenda kuangalia. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake bado uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga akamwambia kwamba wao huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto makusudi, ili ugande upesi. Kumbe wauza aiskrimu walikuwa wanajua!

Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akalirudisha swali kwa mwalimu mwingine, wakiwa kwenye somo la jinsi vitu vinavyopoa. Jibu likawa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Na hapa ndipo roho huniuma. Tangu siku ile, akikosea kusoma jedwali la logarithimu, mwalimu anasema: hiyo ni hisabati ya Mpemba. Darasa likalidaka. Kosa lolote alilofanya likawa la Mpemba, jina lake limegeuzwa kuwa neno la kosa. Mwalimu alitania mara moja, na vijana wakapata wimbo.

Mtoto mwingine angenyamaza. Wangu wa dirishani alinyamaza kwa kicheko kimoja tu. Kwa nini Mpemba hakunyamaza? Sidhani ni kwa kuwa alizaliwa jasiri kuliko wengine. Nadhani ni kwa sababu alikuwa na ushahidi mkononi. Alishaiona aiskrimu. Halafu siku moja akakuta maabara ya biolojia iko wazi na mwalimu hayupo, akachukua bika mbili ndogo, moja akatia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziingiza kwenye sehemu ya kugandishia. Aliporudi baada ya saa moja, ya maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi. Mtu aliyeona kwa macho yake mara mbili huwezi kumcheka ukammaliza.

Kisha akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Akatoa mhadhara, akakaribisha maswali. Mpemba akasimama: ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka jokofuni, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini?

Ukumbi ukacheka, bila shaka.

Alichofanya Osborne ningependa kila mwalimu akikariri badala ya kanuni zangu za hasi na chanya. Alitabasamu, akaomba swali lirudiwe. Akauliza: ni kweli, umelifanya? Akajibiwa ndiyo. Akasema hajui, ila akirudi Dar es Salaam atajaribu. Basi. Hakusema "mpigieni makofi". Hakusema "swali zuri sana" kwa ile sauti yetu ya kumfunga mtu mdomo kwa heshima. Aliuliza kama amelifanya, akakiri hajui, akaahidi kazi.

Na kazi ikafanyika. Osborne alimpa fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Kila nikiisoma hiyo hucheka peke yangu, maana namjua huyo fundi, yumo ndani yangu kila ninaposahihisha. Mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa katika jarida la Physics Education, na hadi leo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina lake, athari ya Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana kwa nini hutokea, na wapo wanaobisha kama hutokea kweli. Kwangu mimi hilo halipunguzi kitu. Swali linalowabishanisha watu wazima kwa zaidi ya miaka 50 halikuwa la kuchekwa. Mkwawa yenyewe leo ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, walimu wanafundwa palepale. Natamani siku yao ya kwanza wapelekwe tu ukumbini wakasimuliwe kisa hiki, kisha waruhusiwe wakale.

Sasa, mimi na wanafunzi wangu hatuna Osborne wala jokofu. Tuna chaki na kalamu nyekundu. Nilianzia kwenye kalamu. Zamani jibu likikosewa nilikuwa napiga alama ya kosa kubwa, kutoka kona hadi kona, naendelea na daftari linalofuata. Mwaka jana msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye wenzake walishampa cheo cha kilaza na yeye mwenyewe amekikubali, aliandika robo tatu jumlisha mbili ya tano hivi: 15/20 + 8/20 = 22/20. Jibu ni 23/20. Kwa kalamu yangu ya zamani, sifuri. Safari hii niliweka alama ya vema kwenye 15/20, vema kwenye 8/20, nikazungushia ile 22 na kuandika pembeni: "Rudia kujumlisha 15 na 8." Alama mbili kwa tatu.

Alinifuata nje ya ofisi na daftari wazi. "Madam, kwa hiyo KDS naijua?" Alimaanisha kigawe kidogo cha shirika, ile 20 ya chini.

Nikamwambia angalia mwenyewe. Akaangalia zile vema mbili kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alikuwa amekaa miaka akiamini hajui sehemu, kumbe alichokuwa hajui siku ile ni 15 na 8, tena kwa haraka tu. Hakuna mhamasishaji angeweza kumwambia hivyo, kwa sababu hakuna mhamasishaji aliyesoma daftari lake.

Jambo la pili ni dogo hadi naona aibu kuliandika. Ninasubiri. Mtafiti mmoja Mmarekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja. Walipoongeza ikafika tatu au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu na "sijui" zikapungua. Nikajipima: sekunde moja hata haifiki, naita jina la kipanga wa mbele, tunasonga. Siku hizi nikiuliza nahesabu moyoni huku nimeangalia dirisha. Sekunde tatu darasani ni ndefu jamani. Ile ya tatu ndiyo vile vidole vya nyuma huanza kuinuka, nusu nusu, kiwiko bado kiko mezani.

Mwenzangu mmoja, mzee wetu ofisini, huniambia kujiamini hakujibu mtihani, na kwamba mtoto ukimlea hivi atavimba kichwa. Kwa la kwanza ana hoja. Nimewaona wanaojiamini wakapata sifuri wakitabasamu. Lakini huyo amejiamini kwa maneno, hajawahi kuonyeshwa vema yake iko wapi na kosa lake liko wapi. Kwa la pili, Mzee, watoto wa dawati la nyuma hawajavimba kichwa. Tangu Januari 2023 NECTA, baraza la mitihani la taifa, wenyewe wameacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Sisi huku bado tunabandika orodha ukutani, wa kwanza hadi wa 78, na wa 78 anapita hapo kila asubuhi akienda kufagia.

Kinachonishinda ni hesabu ya kawaida tu. Kipindi ni dakika 40. Ukigawa kwa watoto 78, kila mmoja ana nusu dakika, hapo sijafuta ubao. Madaftari nasahihisha kwa zamu, kumi na tano kwa siku, na wapo ambao nawafikia mara moja kwa mwezi. Sina dawa ya hilo. Naanza na safu ya nyuma, kwa sababu ya mbele wana watu wengi wa kuwaambia wanajua.

Mwezi uliopita swali likarudi. Shule nyingine, mtoto mwingine, dawati la katikati, karibu maneno yaleyale: kwa nini hasi mara hasi ni chanya? Wawili watatu wakaanza kucheka. Nikasema sijui kulieleza vizuri, nipe mpaka Alhamisi. Darasa likaguna "aaah!", nadhani hawajawahi kusikia madam anasema sijui.

Alhamisi nikaandika ubaoni: -3 mara 2 ni -6. -3 mara 1 ni -3. -3 mara 0 ni 0. Nikampa chaki. Akaangalia, midomo inacheza, -6, -3, 0, kila mara inaongezeka tatu. Akaandika -3 mara -1, akasita, nikaangalia dirisha. Akaandika 3. Ya -2 hakusubiri mtu, akaandika 6 na kugeukia wenzake kama amewaletea kitu kutoka sokoni.

Akarudisha chaki. Kabla hajafika kwenye dawati lake akageuka. "Madam, na sifuri ukiigawa kwa sifuri?"

Nikamwomba anipe mpaka Jumatatu.