Daftari la likelemba liwekwe kwenye ODS

Mimi ni katibu wa likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, ya akina mama hapa Kadutu, Bukavu, Kongo. Tuko 22. Kila Jumapili kila mama anatoa dola 7 na nusu, na ile nusu tunailipa kwa franka, maana sarafu za senti kwetu hazitumiki. Daftari la karatasi lilipochakaa nilihamishia hesabu kwenye kompyuta, ndani ya LibreOffice, programu ya majedwali kama Excel; faili yake ya kawaida ni ODS. Siku moja nikazipeleka kwenye duka la kuchapisha. Kijana wa pale akanishauri: “Mama, hifadhi kwa CSV, hiyo inafunguka kila mahali.” Hiyo ni faili ya maandishi matupu yanayotenganishwa kwa alama kama mkato. Nikamsikiliza.

Kufunguka, ilifunguka. Lakini kompyuta yao imepangwa Kifaransa na yangu Kiingereza. Excel ya Kifaransa inategemea nukta-mkato kati ya safu na safu. Ilipokuta mkato kwenye faili yangu, ikarundika kila kitu kwenye safu moja. Kijana akazitenganisha. Sasa 7.50 yangu ina nukta, na Kifaransa kinataka mkato, basi malipo yetu yote yakachukuliwa kuwa maandishi, na maandishi hayajumlishwi. Alipojumlisha, jumla ikatoka 0. Thérèse akawa ThÃ©rÃ¨se. Namba za simu zikapoteza sifuri ya mbele.

Mama prezidenti akaitazama ile karatasi, kisha akanitazama mimi. “Katibu, pesa yetu iko wapi?” Pesa ilikuwa imemfikia kila aliyekuwa na zamu, bila kupungua franka moja. Lakini swali hilo, likiulizwa mbele ya wenzako, linauma.

Tangu siku hiyo nasema wazi: CSV si mahali pa kutunzia daftari. Inabeba herufi tupu. Haijui kwamba hii ni namba na ile ni simu, haibebi fomula, haibebi ukurasa wa pili. Ni ya kupitishia data kati ya programu mbili ambazo unajua zimepangwaje.

XLS, faili ya Excel ya zamani, nayo tuiache. Inaishia mistari 65,536. Mwaka 2020 Uingereza ilichelewa kuhesabu wagonjwa 15,841 wa Uviko kwa sababu faili za aina hiyo zilijaa na mistari iliyozidi ikaachwa nje. Likelemba yetu haitafika huko, lakini kikundi kikubwa cha akiba kikiandika kila malipo kwa miaka kinaweza.

Zinabaki mbili, XLSX, yaani faili ya Excel ya sasa, na ODS. Zote mbili kanuni zake zimechapishwa: ODS ilikubaliwa na ISO, shirika la viwango la kimataifa, mwaka 2006, XLSX mwaka 2008. Mimi nachagua ODS. LibreOffice ni ya bure, inaandika ODS kama lugha yake ya kuzaliwa, na Excel inaifungua tangu 2009. Mama anayeuza ndizi asilazimike kununua leseni ili asome deni lake mwenyewe. Wanaopinga wana hoja: rangi na michoro huweza kuhama kidogo ikivuka kutoka programu moja hadi nyingine, na makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili, hazivuki vizuri. Kwa ofisi yenye makro nyingi, hilo ni tatizo la kweli. Kwa sisi tunaojumlisha na kutoa, halitugusi.

Siku hizi ODS iko kwenye flashi mbili, yangu na ya mweka hazina. Safu ya simu nimeipanga kuwa maandishi, sifuri ibaki. Anayetaka XLSX nampa nakala, na siondoki dukani kabla ya kulinganisha jumla ya kwake na ya kwangu. Wanachama wanapata PDF kwa WhatsApp, kwa sababu wao wanataka kusoma tu, na PDF haibadiliki ikifika kwenye simu.

Jumapili iliyopita mama prezidenti aliisoma mwenyewe kwenye simu yake: dola 165. Akahesabu pesa iliyokuwa mezani, akamkabidhi mwenye zamu.