Vidonge vimetimia, virusi vimepanda

Anayefanya kazi kwenye kliniki ya vijana wanaoishi na VVU anaijua picha hii. Kijana wa miaka 16 anafika siku ya miadi, anakabidhi kopo lake, vidonge vinamwagwa mezani na kuhesabiwa. Vimebaki vilevile vinavyotakiwa kubaki, hakuna hata kimoja kilichozidi. Anasifiwa, anaondoka. Baadaye kipimo cha wingi wa virusi kinarudi kikiwa na maelfu kwa maelfu. Hesabu ilitimia kwa sababu vilivyozidi alivitupa chooni asubuhi ileile, kabla hajatoka nyumbani.

Hapo mabishano huanza. Kuna wanaosema amelegezewa kamba: mlezi asimame mbele yake kila siku, amwone akimeza, ikibidi amfunue na ulimi. Wengine wanasema aambiwe ukweli, aaminiwe, apewe wa rika lake wa kumshika mkono.

Wa kwanza wana hoja. Dozi zikirukwarukwa, dawa hubaki mwilini kidogo mno kuvizuia virusi, lakini ya kutosha kuvizoesha, na huo ndio mwanzo wa usugu, yaani virusi kutoisikia dawa tena. Dolutegravir, dawa ya VVU ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliithibitisha mwaka 2019 kuwa chaguo la kwanza la matibabu, huchelewa kupata usugu, ila hatari haijaisha. Na kwa mtoto wa miaka 10, au kijana aliyedhoofu hadi kulazwa, kusimamiwa ana kwa ana ni sawa kabisa. Mlezi aliyekwisha kuzika mtu kwa ugonjwa huu sina ubavu wa kumwambia asifoke.

Tatizo ni kwamba kufoka kunachukulia kuwa kijana amesahau, au ni mkaidi tu. Aliyepiga hesabu ya vidonge vya kutupa hadi kikatimia cha mwisho si msahaulifu. Ana kumbukumbu, ana nidhamu, na vyote viwili anavitumia kuficha. Kengele ya simu itamsaidia nini? Yenyewe ikilia mbele ya wenzake ni balaa jingine, kama kopo linavyolia ndani ya begi akitembea. Wapo wanaoshindilia pamba humo ili vidonge vitulie. Wapo wanaovifunga kwenye karatasi, mahali unyevu unapovifikia. Anayelala bweni hupangiwa dawa ya usiku, saa ambayo chumba kimejaa watu.

Halafu kuna asiyejua anameza nini. Tangu mwaka 2011 WHO inashauri mtoto wa umri wa kwenda shule aelezwe hali yake, hatua kwa hatua, kadiri anavyoweza kuelewa. Walezi wengi huahirisha, nami nawaelewa, maana kumwambia mtoto alivyoambukizwa mara nyingi ni kumsimulia habari za mama yake. Basi anaambiwa ni dawa ya kifua. Siku anaposoma jina la kwenye kopo na kulitafuta mwenyewe kwenye intaneti, anagundua mambo mawili kwa mpigo: ana VVU, na watu wake wa karibu walimdanganya. Ukimsimamia jioni hiyo atameza, lakini kesho yake je?

Ndiyo maana narudi kila mara kwenye utafiti wa Zimbabwe uliochapishwa mwaka 2020, kuhusu mpango wa Zvandiri. Vijana wa miaka 13 hadi 19 walipewa wasaidizi wa miaka 18 hadi 24, nao wakiishi na VVU, wakiwatembelea nyumbani na kuwatumia ujumbe wa simu. Baada ya karibu miaka miwili, waliokuwa na virusi vingi au waliofariki walikuwa asilimia 25. Katika kundi la kulinganishia, asilimia 36. Na kundi hilo halikutelekezwa, lilipata huduma ya kawaida ya kliniki na ushauri wa watu wazima. Tofauti hiyo ya pointi 11 haikuletwa na dawa mpya. Aliyeingia mlangoni alikuwa mtu aliyewahi kuficha kopo lake mwenyewe.

Kweli, robo nzima bado walikwama, na wanaoshikilia usimamizi mkali hawachoki kutukumbusha. Tena msaidizi wa miaka 20 naye ana dawa zake na siku zake mbaya. Akiachiwa mzigo bila posho wala mtu wa kumsikiliza, atachoka.

Sasa imekuja sindano ya cabotegravir na rilpivirine, inayochomwa kila baada ya miezi miwili. Hakuna kopo, wala cha kuhesabu. Pande zote mbili zingeweza kuishangilia. Lakini pendekezo la WHO la mwaka 2025 linawaruhusu kuhamia huko wale ambao virusi vyao vimekwisha kufubazwa, yaani wanaomeza vizuri tayari. Yule wa miaka 16 bado anarudi nyumbani na kopo lake, na pamba.