Kelele za mtaa: tupime tu, au tuseme kwanza kinacholia ni nini?

Kikao cha mtaa wetu huku Arusha juzi Jumapili kiliishia kwenye kicheko, na kile kicheko kimeniuma mpaka leo. Ajenda ilikua kelele. Wengi walitaka tuchange tununue mita ya desibeli, ile ya kupima ukubwa wa sauti, mtu akizidisha anaitwa ofisini, habari imeisha. Upande wa pili alikua mzee mmoja tu, fundi redio mstaafu, kasimama na kauntabuku lake mkononi. Anasema wiki tatu amekua akikaa barazani kwake anaandika kila sauti anayoisikia, saa ngapi, na inatoka kwenye nini. Akaanza kusoma: mashine ya kusaga, grenda ya fundi mageti, spika ya baa, toyo iliyotolewa sailensa, mbwa wa lodge, kwarara alfajiri. Alipofika kwa kwarara watu wakaangua kicheko, "mzee na ndege nao tuwapige faini?", basi ikawa ndo mwisho wa kikao.

Sasa niseme mapema, hoja ya mita ina uzito. Namba haina dini wala haina shemeji. Waliosimama kuitetea wana hofu moja ya kweli kabisa, kwamba ukishaanza kutaja vyanzo, swali linalofuata ni "cha nani?", na hapo ndo kijana wa grenda anabebewa mashine yake wakati mwenye baa anayejuana na watu anaachwa, au watu wanaanza kugombana kanisa na msikiti. Halafu kuna kanuni zetu za kelele na mitetemo za 2015, zipo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na zile zinaongea kwa viwango, kwa hiyo ukifika na kipimo una pa kuanzia, ukifika na daftari wanakuangalia tu. Na namba inajua hata usiku: kipimo wanachotumia Ulaya kinaongeza desibeli 5 kwa sauti za jioni na 10 kwa za usiku kabla ya kutafuta wastani wa siku. Haya yote nayakubali.

Ila kuna kitu naomba tukiangalie taratibu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani kupitia ofisi yake ya Ulaya lilitoa mwongozo wa kelele, na wale ni watu wa kupima kwelikweli, ungetegemea watoe kiwango kimoja kwa kila kinacholia. Hawakufanya hivyo. Kelele za barabarani wakasema zisizidi desibeli 53, treni 54, ndege (eropleni, sio kwarara) 45. Soma tena hapo. Treni 54, ndege 45, kipimo kilekile, sikio lilelile, ila tofauti ni desibeli 9, na desibeli hazihesabiwi kama kilo za mchele, desibeli 9 ni nguvu ya sauti karibu mara nane. Yani treni inaweza kukuletea nguvu mara nane ya ile ya ndege ndo waseme sasa imezidi. Sababu ni kwamba waliangalia watu wanavyokereka na wanavyokosa usingizi, wakakuta ndege inamsumbua mtu mapema zaidi kuliko treni hata mita ikisoma sawa. Kwa maana nyingine wapimaji wenyewe, kabla ya kuandika namba, ilibidi waulize kwanza kinacholia ni nini. Lile swali ndo alilokua anauliza mzee na kauntabuku lake, tukamcheka.

Na hili hata bila Ulaya tunalijua. Mvua ya masika ikishuka kwenye bati huwezi kuongea na mtu aliyekaa kiti cha pili, ila mtoto analala fofofo na wewe mwenyewe unavuta blanketi. Naura ikijaa ndo hivyohivyo, inanguruma usiku kucha na sijawahi kusikia mtu ameenda kuushtaki mto. Washa sasa grenda, hata iwe nyumba ya tatu, sauti ndogo kuliko ile mvua, uone kama kuna mtu atalala.

Kingine ni besi. Mita nyingi zinapima kwa mizani inayoitwa A, ambayo inapunguza sauti nzito, pale kwenye hertzi 63, yani mitetemo 63 kwa sekunde, inakata kama desibeli 26. Sasa besi ya baa ndo inaishi maeneo hayo. Dada mmoja hapa jirani ana mtoto mchanga, aliwahi kulalamika, akaja mtu na kipimo akasimama nje ya dirisha, akasoma, akamwambia "dada mbona iko kawaida", na muda huohuo vikombe kabatini vinatetemeka na mtoto anashtuka kila pigo. Kipimo hakikudanganya, kilipima kile kilichotengenezwa kupima. Ila kama ungeandika kwenye daftari "spika kubwa, besi, ukuta wa upande wa mashariki", ungejua kwamba hapo unahitaji kipimo kingine, au umwambie tu mwenye baa alishushe lile boksi kutoka ukutani aligeuze.

Wapo watakaosema basi kompyuta itatutajia kinacholia. Sawa, mwaka 2014 watafiti wa New York walitoa mkusanyiko wa kuifundishia kompyuta, vipande 8,732 vya sauti za mjini katika makundi 10, na makundi mengi waliyachagua kutokana na malalamiko ya watu wa jiji lile: kiyoyozi, honi, mbwa, drili, injini ya gari lililosimama, king'ora, mpaka muziki wa mtaani. Ni kazi nzuri kwa kwao. Lakini ipeleke pale Kilombero sokoni asubuhi uone, konda anapiga bodi mara mbili dereva aondoke, hiyo utaiweka kundi gani? Gari la matangazo je? Mashine ya kusaga? Orodha inabidi iandikwe na mtu anayeishi hapo, na huku kwetu imeshaandikwa, ipo kwenye kauntabuku.

Kugawa nako kuna shida zake, sikatai. Bernie Krause, Mmarekani aliyerekodi sauti za porini miaka mingi, anazigawa tatu, za upepo na maji, za viumbe, na za binadamu, nzuri kuisikia ila mbwa wa lodge anayebweka kwa sababu kafungwa mnyororo utamweka wapi, na mvua kwenye bati ni ya mbinguni au ya fundi paa? Mimi naona dawa ni kugawa kwa kile kinachotoa sauti na sio kwa mwenye sauti. Spika ni spika, iwe ya baa, ya kwaya, ya adhana au ya gari la matangazo, unaandika ukubwa wake, imeelekea wapi, inalia dakika ngapi, adhana ya dakika chache haitalingana na disko la masaa sita hata zikiwa ukurasa mmoja. Injini ni injini. Chuma kwa chuma ni chuma kwa chuma, kijana wa grenda akipewa saa za kazi na kiwanja cha pembeni habebewi kitu. Ile hofu ya upendeleo naona inapungua hapo, maana huulizi jina la mtu. Mita iletwe pia, ije baada ya daftari.

Jana jioni nilienda kwake, nikamwomba, "Mzee, shikamoo, naomba nilione lile daftari." Akanipa. Kuna mstari mmoja umeandikwa mara nyingi, saa tisa usiku, "mvumo, haupandi haushuki", mbele yake kaweka alama ya kuuliza. Mtaa mzima tunasema ni jenereta ya lodge, na yule mwenye lodge ameshasemwa sana kwa ajili hiyo. Mzee akanionyesha ukurasa wa siku umeme ulipokatika: mashine ya kusaga kimya, baa kimya, na ule mvumo nao kimya palepale. Jenereta ya lodge iliwaka dakika chache baadaye, na mlio wake ni mwingine kabisa, kauandika mstari unaofuata. Tukatoka wote tukasimama chini ya transfoma iliyo kwenye nguzo nyuma ya choo chake. Inavuma vilevile, haipandi haishuki. Akatoa kalamu, akafuta ile alama ya kuuliza.