Bashraf ya Mjomba na Simfoni ya Leningrad

Nimeishi Berlin miaka kumi na moja, na bado mpiga fidla akifika pahala panapoliza moyo, mkono wangu huingia mfukoni kutafuta cha kumtunza. Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi, okestra ilipopiga konseto ya fidla (kazi ya fidla moja pamoja na okestra) ya mtunzi Sibelius, ambayo kwa sura yake ya sasa ilisikika kwa mara ya kwanza katika mji huu huu mwaka 1905, mwaka ambao kwetu Unguja kilianzishwa kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa. Hapa hakuna aliyenyanyuka; hata kikohozi kilingoja kipande kiishe. Usikilizaji wetu naupenda zaidi, kwa sababu mpigaji hujua papo hapo kwamba amemgusa mtu.

Kilichonitia wivu ni kazi ya pili, Simfoni ya Saba, kazi ndefu ya okestra ya mtunzi Mrusi Shostakovich. Majeshi ya Ujerumani yaliuzingira mji wa Leningrad, Urusi (sasa St Petersburg), tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944, na watu kwa malaki wakafa kwa njaa. Noti za simfoni hiyo, yaani maandishi ya muziki wake, ziliingizwa mjini kwa ndege, na tarehe 9 Agosti 1942 Karl Eliasberg akaiongoza okestra ya redio, ambayo wapigaji wake wengi walikuwa wamekufa au wamedhoofu, hata ikabidi wengine waletwe kutoka jeshini. Kazi inayopita saa nzima ikapigika, maana kila mmoja aliikuta sehemu yake imeandikwa, na vipaza sauti vikaifikisha hadi kwa askari waliouzingira mji. Sasa inapigwa Berlin, mji mkuu wa nchi iliyouzingira mji huo.

Kwetu, nyimbo nyingi za taarabu zimo vichwani mwa wazee. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi pale Mji Mkongwe kinawafundisha vijana kusoma na kuandika noti, nami naona sisi tulioko ughaibuni, tunaochangiana harusi na misiba bila kusita, tunapaswa kuchangia pia kijana mmoja akae na mzee mmoja, amsikilize, aandike, amrudie mpaka mzee aridhike. Mjomba wangu alipiga fidla zaidi ya miaka thelathini. Fidla yake ipo kabatini kwa mkaza mjomba, imefungwa kwa kanga. Bashraf, kipande cha ala kisicho na maneno, aliyokuwa akifungulia shughuli, wenzake waliobaki wanaikumbuka mpaka katikati tu.