Konokono wa mchangani anaonewa: uduvi, chumvi na tangi la lita 9 Dodoma

Anayefuga uduvi wekundu wa Hawaii, opae ula, akiulizia konokono wa kuwawekea, jibu huwa lile lile: tafuta nerita, mkwepe Melanoides. Nerita ni mviringo, ana mistari ya pundamilia, anakwangua kioo hadi kinang'aa, na hazaliani tangini. Melanoides ni mwembamba, ganda limechongoka kama ncha ya keekee, jike anazaa bila dume, na ukimtia mmoja leo, mwaka haujaisha una ukoo mzima. Yote hayo ni kweli. Walakini uko kwenye hukumu inayotolewa kutokana nayo, hasa tangi likiwa la lita 9 na si 90.

Tuchukue tangi la kawaida la mezani: sentimita 30 kwa 20, maji yakisimama sentimita 15. Hizo ni lita 9 kamili. Halina pampu wala chujio, lina uduvi 20, mchanga kidogo na jiwe au mawili, na chumvi ya bahari gramu 15 hivi kwa lita, yaani chini kidogo ya nusu ya bahari yenyewe. Uduvi hawa asili yao ni madimbwi ya miamba ya volkano yanayopata maji ya bahari chini kwa chini. Mmoja hapiti sana sentimita moja na nusu, na akitulizwa huishi hata miaka 20. Chakula chao kikubwa ni utando mwembamba wa mwani na bakteria unaoota juu ya kila kitu. Konokono yeyote unayemwingiza anakuja kula sufuria moja nao.

Nerita anastahili haki yake. Kuna aina ya Afrika Mashariki hii hii, Vittina natalensis, anayeishi kwenye midomo ya mito na mikoko, na ndiye huuzwa nje kwa sifa ya mistari yake. Chumvi haimbabaishi: maji baridi, maji ya chumvichumvi, hata bahari kamili, almradi mabadiliko yaje polepole. Hakuna anayemfikia kwa kusafisha kioo. Melanoides kazi hiyo anaifanya kwa kulipua. Na kutozaliana kwake si jambo dogo, kwa kuwa vifaranga wake huelea majini kama vumbi kabla ya kushuka, na kwenye tangi dogo karibu wote hufa. Utaona vitone vyeupe vya mayai vimeganda kwenye mawe, vigumu kama chokaa, na basi.

Lakini sifa ya kusafisha kioo ndiyo inayomuua. Katika lita 9 utando wa kijani humalizwa na nerita mmoja mkubwa ndani ya majuma machache, na akishaumaliza hana mbadala: wengi wao hawagusi chakula cha kutupiwa. Anaanza kutembea usiku, anapanda juu ya maji, anatoka. Pwani, konokono aliyedondoka sakafuni usiku anaweza kuokotwa asubuhi akiwa hai. Kwa ukavu wa Dodoma wa mwezi wa Agosti, na upepo ule, usitegemee. Mfuniko ni lazima, na tundu la kupitishia hewa liwe dogo kuliko ganda lake.

Akifia ndani ni balaa zaidi, na hapa hesabu inasema kuliko maneno. Nerita wa sentimita mbili tuseme ana gramu moja ya nyama. Sehemu moja ya kumi ya nyama hiyo ikiwa protini, ni miligramu 100, na asilimia 16 ya protini ni naitrojeni: miligramu 16. Igawe kwa lita 9, unapata karibu miligramu 1.8 kwa kila lita, na ikioza yote inapitia kwanza kuwa amonia. Sasa ongeza tabia ya tangi lenyewe. Maji ya chumvichumvi yenye maganda mchangani hukaa kwenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) 8.2 hivi. Kwa pH hiyo na joto la nyuzi 27, asilimia 8 hadi 9 ya amonia iko katika hali yake ya sumu, wakati kwenye maji ya pH 7 haifiki asilimia 1. Kwa hiyo maiti ile ile ambayo tangi la maji baridi lingeimeza bila kelele, hapa ina makali zaidi ya mara kumi. Katika lita 90 ungegawa kila kitu kwa kumi na usingejua kama kuna aliyekufa. Katika lita 9, bila chujio, uduvi wanaanza kupauka na kukaa juu juu karibu na hewa, na mwenye tangi analaumu chumvi.

Melanoides wa sentimita moja, kwa makadirio ya ukarimu, ana sehemu ya kumi ya nyama hiyo. Akifa, amonia ni chini ya miligramu 0.2 kwa lita, na wenzake wanamla kabla hajanuka.

Kuna sababu ya pili, nayo haisemwi kabisa na wanaomkataa. Melanoides anaishi ndani ya mchanga. Mchana haonekani, kinachoonekana ni mchanga unaojongea. Kwenye maji baridi huo ni ziada tu, kwenye maji yenye chumvi ya bahari ni jambo zito. Bahari ina salfati kiasi cha gramu 2.7 kwa lita, kwa hiyo tangi letu lina zaidi ya gramu moja. Mchanga ukilala bila kuguswa na uchafu ukashuka humo, bakteria wasiohitaji hewa huigeuza salfati hiyo kuwa gesi yenye harufu ya yai viza. Mchanga unapiga weusi kuanzia chini, na siku ukiuvuruga kwa bahati mbaya uduvi wanakufa kwa dakika chache. Nerita hachimbi. Uduvi hawachimbi. Tangi halina pampu. Ni nani basi atakayeugeuza? Mwenye kuchagua nerita peke yake ajiwekee mchanga usiozidi sentimita moja, au asiweke kabisa. Mwenye Melanoides anaweza kwenda sentimita mbili hadi tatu bila wasiwasi.

Tuje kwenye shtaka kubwa, la kuzaana. Hapa mshitakiwa haponi kwa kukana. Jike mmoja anatosha, madume ni nadra, na vifaranga wanatoka wakiwa na maganda yao tayari, milimita moja au mbili, wanazama mchangani hapo hapo. Kumtoa hadi wa mwisho maana yake ni kumwaga mchanga wote. Ila wingi wao hautoki hewani. Unatoka kwenye chakula, na katika tangi la opae ula anayeleta chakula ni mkono wako. Uduvi 20 ndani ya lita 9 zenye mwanga wa dirisha usio wa jua kali hawahitaji zaidi ya chembe ya unga wa spirulina, yaani mwani mkavu uliosagwa, kiasi cha ncha ya kijiti cha meno, mara moja kwa juma au majuma mawili. Anayerusha punje kila asubuhi kama anafuga kuku atapata konokono 100, naam, na angekuwa hana konokono angepata maji machafu na uduvi wanaokufa bila kujua kwa nini. Kwa hiyo idadi yao ni kipimo cha bure. Wahesabu kwa tochi saa mbili baada ya kuzima taa. Wakiongezeka mwezi hadi mwezi, punguza chakula nusu. Wakipanda kioo wote mchana kweupe, usipunguze chochote, pima maji: hapo hewa imepungua au kuna kitu kinaoza. Waliozidi unawatoa kwa jani la mchicha lililochemshwa bila chumvi wala mafuta, juu ya kisahani, jioni; alfajiri unainua kisahani na waliomo. Usiwaponde ndani ya tangi, maana hesabu ya nyama na amonia haijali nani aliyeua.

Hoja yenye uzito kweli dhidi yake ni nyingine. Konokono 60 wadogo wakifa siku moja ni sawa na nerita sita. Na kinachoweza kuwaua siku moja, kwa Dodoma, kinajulikana: kukauka kwa maji. Chumvi haipai na mvuke. Tangi letu likishuka sentimita 3, moja ya tano ya maji imeondoka na gramu 15 zimekuwa karibu 19. Likishuka 5, ni zaidi ya 22. Kati ya Mei na Novemba, ukisafiri majuma matatu na mfuniko uko wazi, hilo si jambo la ajabu. Melanoides anastahimili chumvi nyingi ikimpanda taratibu, ila ukirudi na kumwagia lita tatu za maji baridi kwa mkupuo umemshtua yeye na uduvi pamoja. Nerita ndiye mvumilivu zaidi wa safari kama hizo, na anayesafiri mara kwa mara bila mtu wa kumwachia tangi amfikirie kwa dhati. Kwa wengine dawa ni alama ya wino kwenye kioo usawa wa maji, mfuniko, na kujazia kidogo kidogo, kikombe kwa siku.

Cha kujazia nacho kina mitego. Maji ya bomba ya Dodoma, yale ya visima vya Makutupora na Mzakwe, watu huyaita ya chumvi kwa sababu ni magumu na yana ladha. Kwa tangi hili hayo bado ni maji baridi, hayakaribii gramu 15. Kuanzia nayo si vibaya. Ubaya ni kujazia nayo daima: maji yenye miligramu 500 za madini kwa lita, lita moja kila juma, yanaacha gramu 26 kwa mwaka, karibu gramu 3 kwa kila lita ya tangi. Jazia maji ya mvua au yaliyokenekwa. Mvua ikingwe moja kwa moja kwenye beseni la plastiki, si kutoka kwenye bati, kwa kuwa mabati yanaachia zinki. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yanaonekana safi lakini yamepita juu ya shaba, na shaba ndiyo sumu ya kwanza ya uduvi na konokono. Na ukienda duka la vipuri usiseme tu "maji ya betri": kuna mahali utapewa tindikali. Soma chupa.

Chumvi ya jikoni haifai, wala kosa si madini joto yaliyoongezwa humo. Kosa ni kwamba imebaki chumvi tupu, magnesi na kalsi zimeachwa mbali, na ganda la konokono linaanza kuliwa kutoka kwenye ncha. Tumia chumvi ya matangi ya bahari, gramu 150 hivi kwa lita 9, kisha uhakikishe kwa haidromita, chombo cha kupimia chumvi majini, isome karibu 1.011. Au maji ya bahari yaliyochotwa mbali na bandari na midomo ya mitaro: lita 4 kwa lita 5 za maji baridi. Kwa kalsi ya akiba, maganda yaliyosagwa ya wauza vyakula vya kuku yanafaa yakioshwa sana, mradi hayajachanganywa na unga wa mifupa, ambao unalisha mwani.

Jina la "tarumbeta ya Malaysia" alilobandikwa Melanoides madukani linaficha kwamba ni mwenyeji wa huku pia. Yumo Victoria, Tanganyika na Nyasa. Kwa hiyo kuna wanaoshawishika kumwokota bwawani. Hapa wanaomkataa wana haki ya kupiga kelele, kwani mabwawa na madimbwi yetu yana pia Bulinus na Biomphalaria, wabebaji wa kichocho. Usiingize mkono mtupu. Shika ganda ncha ikitazama juu na mdomo ukikuelekea: Melanoides hufungukia kulia na ana kifuniko kigumu cha kuzibia mlango, Bulinus hufungukia kushoto na hana kifuniko, Biomphalaria amejikunja bapa kama kamba iliyozungushwa mezani. Hata ukimpata mwenyewe, asiende tangini, kwa kuwa Melanoides wa porini naye anaweza kubeba minyoo mingine. Mweke peke yake kwenye chupa pana ya maji baridi hadi azae, kisha uchukue watoto na umwache mama. Minyoo haimfuati mtoto kutoka kwa mama. Inamwingia kutokana na vinyesi majini, na kwenye chupa yako havimo. Watoto wakifika milimita 4, wapandishie chumvi gramu 2 kwa lita kila baada ya siku tatu. Siku ya 24 wako kwenye 16, na hapo wanaingia. Watano wanatosha.

Wasiotaka konokono kabisa nao hawajakosea, uduvi wataishi. Wapunguze mchanga tu. Na mwenye tangi la lita 40 na kioo kinachopata jua la asubuhi amtafute nerita bila kusita, ikiwezekana Clithon, ambaye wengi wao hawazidi sana sentimita moja, na amweke pamoja na Melanoides, si badala yao.

Wa ziada wasirudishwe bwawa la Hombolo wala kwenye mtaro. Maji yanayochemka dakika tano, kisha kwa kuku, maganda na yote.